Walinifutia Salamu

Marahaba, wanangu. Marahaba sana. Nimeona mlivyonipokea katika kundi lenu la simu la wanaojifunza hifadhidata, na nimeliona pia swali la kwanza lililofuata baada ya shikamoo zenu: "Bi Rukia, kwiri yangu inakataa, nisaidie." Nimelisoma mara mbili. Sijui ni kwiri gani, sijui inakataa vipi, sijui hata kompyuta yenyewe imesema nini. Nikacheka peke yangu hapa mtaani kwetu Barani mpaka jirani akaniuliza dirishani nimeletewa habari gani njema. Sikukucheka wewe uliyeandika, mwanangu. Nilijicheka mimi, maana na mimi nilianza hivyo hivyo, tena nikiwa mtu mzima mwenye miwani.

Kwa wale wasionijua, nimefanya kazi katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa cha hospitali moja ndogo ya huku Malindi. Jina lake silitaji. Wenyewe bado wapo na kazi yao wanaifanya vizuri. Niliingia zamani za makabati ya kadi, nikitafuta kadi ya mgonjwa kwa kidole kilicholowa mate. Nikatoka nikiwa ndimi ninayeitwa hifadhidata ikigoma. Katikati hapo sikupelekwa chuo. Nilisomeshwa kozi fupi Kilifi, kisha nikaachwa na kitabu kinene na kompyuta yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Na kwiri, kwa aliyejiunga leo, ni ile amri tunayoiandika kuiuliza hifadhidata: nipe wagonjwa wa mahali fulani, waliokuja tangu siku fulani, ambao bado hawajafanyiwa jambo fulani. Ukiiandika sawa, inakujibu. Ukiiandika vibaya, inakufokea kwa herufi nyekundu, na wewe unajua umekosea. Lakini siku nyingine inakujibu kwa upole kabisa, bila kufoka, na jibu lenyewe ni la uongo. Hiyo ndiyo niliyokutana nayo masika moja, miaka michache kabla ya kustaafu.

Tulikuwa na kliniki ya watoto wenye selimundu. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao, na huku pwani tunaujua sana. Mtoto akinywa dawa zake kila siku na akaangaliwa, anakua, anasoma, anacheza na wenziwe. Akiziacha, homa ya siku mbili yaweza kumwangusha. Aliyeiendesha kliniki ile ni muuguzi aitwaye Kadzo, mwanamke wa sauti ya chini, asiyekubali chai mpaka mgonjwa wa mwisho ametoka. Kila mwanzo wa mwezi nilimtolea karatasi yenye majina ya watoto ambao hawajaonekana kliniki kwa miezi mitatu. Kadzo akiipata, anapiga simu. Simu isipopatikana, anakwenda mwenyewe kupiga hodi.

Masika hayo karatasi ikatoka tupu miezi miwili mfululizo. Kichwa cha habari juu, chini yake hakuna mtu.

Daktari wetu alifurahi sana. Alikuwa mtu mwema, na kliniki ile aliipenda. "Mashallah, Bi Rukia! Kwa hiyo watoto wote wanakuja!" Akaenda kuwaambia wakubwa. Mimi pia nilifurahi, nikasema alhamdulillahi, nikarudi kwenye kazi zangu. Kwani nani anagombana na habari njema?

Kadzo hakufurahi. Alikuja ofisini kwangu na ile karatasi, akaufunga mlango nyuma yake.

"Dada Rukia, jana nimekutana na mama Charo sokoni. Nimemuuliza mtoto hajambo, akaangalia chini. Charo hajaletwa kliniki tangu kabla ya mvua."

"Labda alikuja siku ambayo hukuwepo."

"Mama mwenyewe amekiri, dada. Ameahidi kumleta kesho. Huyo nimempata kwa bahati ya sokoni. Sasa niambie, wale nisiokutana nao sokoni ni akina nani?"

Nikaandika namba ya Charo peke yake. Kweli, hudhurio lake la mwisho lilikuwa la siku nyingi. Mtoto yule alitakiwa awemo kwenye karatasi, tena juu kabisa. Nikaiendesha kwiri tena. Tupu. Nikaondoa hiki, nikaongeza kile. Tupu. Kwiri ilikuwa ni ile ile niliyoitumia kila mwezi; mkono wangu haukuigusa. Tungeweza kupekua mafaili moja moja, na Kadzo alikwisha anza, baina ya sindano na sindano, lakini watoto walikuwa wengi na wengine walikuwa wamehamishiwa kwetu kutoka zahanati nyingine, hata sura zao hazijui. Mvua nayo ilikuwa imeshika, na mvua ikishika mbu hawako mbali.

Basi nikakumbuka kwamba kwenye ile kozi ya Kilifi tuliambiwa kuna majukwaa mtandaoni ambako mafundi wa dunia nzima huulizana na kujibiana, bure. Nikajiandikisha. Nikavuta pumzi, nikaandika swali langu kwa Kiingereza changu cha shule, na kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

"Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Natumai mu wazima huko mliko na jamaa zenu. Mimi naitwa Rukia, natoka Malindi, mji ulio kando ya bahari. Nina shida kubwa na ya haraka. Kwiri yangu haileti watu. Tafadhalini nisaidieni. Ahsanteni, na Mungu awazidishie."

Chini yake nikaweka picha ya kompyuta niliyoipiga kwa simu. Ukiiangalia vizuri uliona dirisha, uliona leso yangu ikimetameta kwenye kioo, na ukitia bidii uliona maandishi mawili matatu.

Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, salamu zangu hazikuwepo. Mtu mmoja ambaye alama yake ilikuwa picha ya paka wa manjano alikuwa ameingia ndani ya swali langu na kufuta asalaam, akafuta jina langu, akafuta Malindi na bahari yake, akafuta dua. Kilichobaki kilikuwa sentensi moja, kama kuku aliyenyonyolewa. Chini yake mtu mwingine ameuliza: "Umejaribu nini?" Na wa tatu alikuwa amelifunga swali lenyewe: "Halieleweki."

Wanangu, mimi nimelelewa katika nyumba ambayo hata mwuza maji huulizwa kwanza habari za watoto. Mtu akikukatiza salamu, amekutukana. Nilizima kompyuta ile, sikuifunga hata vile inavyotakiwa.

Siku hiyo Mutua alikuwa kwetu. Mutua ni fundi wa kompyuta aliyekuwa akija kutoka ofisi ya Kilifi. Kwao ni Machakos, lakini amekaa pwani mpaka anakula mbaazi na mahamri kuliko sisi. Alikuwa amepiga magoti akifungua mashine ya kuchapa. Nikamweleza yote, sauti imenipanda.

"Mama Rukia, hawajakutukana."

"Wamenifutia salamu, Mutua! Hata 'Mungu awazidishie' wameifuta! Dua inamkera nani?"

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akaniuliza, "Hapo mapokezi, mgonjwa akija akasema 'naumwa' halafu akanyamaza, mnamfanyaje?"

"Tunamuuliza anaumwa wapi, tangu lini, amekula nini, amemeza dawa gani."

"Na akisema tena 'naumwa, haraka'?"

"Tunamuuliza tena yale yale."

"Basi na huko ni hivyo hivyo," akasema. "Wale watu hawalipwi, hawakujui, na nyuma yako kuna foleni ya dunia nzima. Salamu yao ni kuja umejiandaa."

Nikawasha kompyuta. Kwa kuwa nilitaka safari hii nijiandae kweli kweli, nikaanza kunakili jedwali lote la wagonjwa nilibandike kule walione. Mutua akaweka kiganja chake juu ya kipanya. "Hapana, mama. Hao ni watoto wa watu."

Na kweli. Jina la mtoto, kijiji chake, jina la mzazi, ugonjwa wake, vyote nilitaka kuvianika mbele ya ulimwengu ili nisaidiwe kwiri. Jambo hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona juzi mmoja wenu ameweka kundini picha ya orodha ya wateja wa mwajiri wake, namba za simu zinasomeka. Iondoe, mwanangu. Tutakusaidia bila hiyo.

"Tengeneza watoto wako mwenyewe," Mutua akaniambia. "Watano sita wanatosha. Majedwali mawili madogo, moja la watoto, moja la mahudhurio. Weka wengine wamehudhuria, wengine hawakuhudhuria. Halafu useme: nimeandika kwiri hii, nilitaraji kupata hawa, nimepata hivi. Na utaje hifadhidata yenu ni ya aina gani na toleo gani. Mtu aweze kuvichukua vyote avijaribu kwake bila kukuuliza neno."

Majina yalinitatiza. Kila jina nililolifikiria nilimjua mwenye nalo. Mwishowe nikawaita samaki: Changu, Tafi, Pono, Kolekole, Nguru. Nikawapa namba, nikawapa mahudhurio. Changu, Kolekole na Nguru walikuja kliniki. Tafi na Pono walipotea. Nikaiendesha ile kwiri yangu iliyogoma, herufi kwa herufi, juu ya samaki wangu.

Ikanipa Tafi na Pono.

Nikaduwaa. "Mutua, inafanya kazi!"

Akaja akaangalia. Yeye mwenyewe alikuna kichwa. "Basi hilo nalo liandike. Kwa mfano huu inakubali, kwa data ya kweli inarudi tupu. Usilifiche kwa sababu linakuchanganya. Linalokuchanganya ndilo wanalolitaka."

Nikaliandika, bila salamu, roho ikiniuma. Paka wa manjano akawa wa kwanza kujibu, na alijibu kabla hata Mutua hajamaliza kufunga mashine ile. Alisema kwiri yangu haikuwa na makosa ya maandishi, kwa hiyo tofauti lazima iwe ndani ya data. Nami niangalie jedwali la mahudhurio: je, upo mstari wowote ambao namba ya mgonjwa haikuandikwa? Kisha akaongeza, "Samahani, haya majina ni ya watu?"

"Ni samaki," nikamjibu.

"Wanaliwa?"

"Wote. Tafi wa kuchoma, changu wa mchuzi wa nazi."

Mazungumzo hayo nayo yalifutwa baadaye na mwenye kusimamia jukwaa, lakini safari hii sikununa.

Nikaangalia. Mstari ulikuwepo, mmoja tu. Kabla tu ya ile karatasi tupu ya kwanza, mapokezi walikuwa wamewekewa mfumo mpya, na mfumo ule ulikubali kuhifadhi hudhurio hata kama namba ya mgonjwa haijajazwa. Mtoto aliletwa anatetemeka kwa degedege. Aliyekuwa mezani akamkimbiza kwa daktari, akaandika saa na tarehe, namba akaiacha aijaze baadaye. Baadaye wakaja wengine. Simlaumu hata chembe. Mimi pia ningemkimbiza mtoto kwanza.

Sasa mstari mmoja mtupu unawezaje kuficha watoto wote? Paka alinieleza, na mimi nikaigeuza kwa namna yangu. Kwiri yangu ilikuwa ikiuliza hivi: nipe kila mtoto ambaye hayumo miongoni mwa waliohudhuria miezi hii mitatu. Kompyuta ni shahidi mwenye hofu ya kiapo. Inamchukua Charo, inapita kwa waliohudhuria: huyu si Charo, huyu si Charo, halafu inafika kwa asiye na namba. Huyu ni Charo au si Charo? Haijui. Na kwa kuwa haijui, haiwezi kuapa kwamba Charo hayumo. Basi inamwacha. Inamchukua mwingine, inakwama pale pale. Mwisho wa yote haijaapa juu ya mtu hata mmoja, na inakupa karatasi nyeupe.

Ukiwaambia watu hivyo wanaelewa, hata wasiojua kompyuta. Daktari alielewa hapo hapo.

Dawa yake ni nyepesi: iambie iwaache kando wasio na namba. Au bora zaidi, kama alivyonionyesha yule paka, iulize kwa njia nyingine: chukua mtoto mmoja mmoja, na kwa kila mmoja uliza, je, lipo hudhurio lolote la miezi hii mitatu lenye namba ya huyu? Hakuna? Nipe. Nikaandika hivyo. Mashine ya kuchapa ikaanza kulia, ikatoa karatasi ya kwanza, ikatoa na ya pili. Kadzo alizipokea zikiwa bado na joto, akakaa chini kwenye kiti changu.

Daktari alizisoma akiwa amesimama. Kisha akasema, "Gari lichukueni leo leo. Wale wakubwa nitawaambia mwenyewe."

Najua mnalotaka kusema. Siku hizi mna mashine za kujibu maswali, unaiandikia usiku au mchana, haikufutii salamu, haikuambii swali lako halieleweki. Nami naitumia, sikatai. Lakini nimeona kwamba ukiipa swali bovu inakupa jibu zuri la swali jingine. Na mara nyingi haikurudishii swali. Yule paka alinirudishia swali moja tu, nami nikapata kila kitu humo. Basi mashine isipokuuliza, jiulize mwenyewe: nini kimo kwenye data yangu ya kweli ambacho hakimo kwenye mfano wangu?

Nilikuwa sijawahi kutoka na Kadzo. Kazi yangu ilikuwa ya kukaa. Siku ile nikapanda gari pamoja naye kwa kuwa aliniambia, "Njoo uwaone watu wako." Tukaenda Jilore kwa njia ya matope, na nyumba ya kwanza tuliyoiulizia ilikuwa ya mtoto aitwaye Sidi, mmoja wa wale waliohamishiwa kwetu. Mama yake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Mtwapa, na namba ya simu tuliyokuwa nayo aliondoka nayo. Sidi alikuwa na bibi yake. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, macho yamekuwa manjano, vidole vimevimba, analia bila sauti kama mtu aliyekwisha choka kulia.

"Hawe, dawa zake ziko wapi?" Kadzo akamuuliza, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Ziliisha," akasema yule mama mzee. "Nilidhani zikiisha ndiyo amepona."

Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kadzo alimbeba Sidi mwenyewe mpaka garini. Alilazwa, akaongezwa damu, na wiki zilizofuata nikawa napita wodini kila mchana kumtazama akirudiwa na rangi yake. Siku ya kuondoka alinionyesha meno yote. Anaendelea na kliniki mpaka leo. Nimestaafu lakini Kadzo huniambia.

Ndipo nikamwandikia yule paka wa manjano, si jukwaani bali kando, maana jukwaani shukrani haziruhusiwi. Sikutaja jina la mtoto wala kijiji. Nilimwambia tu kwamba ile kwiri ilikuwa ya kutafuta watoto wagonjwa walioacha dawa, na kwamba kwa sababu ya swali lake mmoja wao tumemkuta angali hai na sasa anakula vizuri. Siku kadhaa baadaye akaandika: "Nimejibu maswali mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Miaka yote hii nilidhani ni majedwali tu."

Kwa hiyo mkisaidiwa, wanangu, rudini mkaseme ilikuwaje. Hata kwa mstari mmoja.

Habari za nyumba ya pili sikumwandikia. Naziandika hapa kwa ajili yenu, kwa sababu nyinyi ndio mtakaoishika kazi hii.

Ilikuwa upande wa Ganda. Baba wa nyumba alikuwa akitengeneza banda la kuku. Alituona na sare ya Kadzo, akanawa mikono, akatutolea viti viwili, yeye akabaki amesimama. Kadzo alipotaja jina la mtoto, yule baba aliingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki. Ilikuwa safi, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni isipate unyevu.

"Mwanangu ametuacha," akasema. "Mwezi uliopita."

"Makiwa, baba," nikamwambia.

"Tunayo, mama."

Kadzo akashika mkono wake, akamuuliza ilikuwaje, naye akaeleza: homa, jioni moja na asubuhi moja, na maji yalikuwa yamekata njia. Mimi nilikaa pale na ule mstari mtupu kifuani. Nilitaka kumweleza. Nikaona maneno ya namba na majedwali hayana pa kukaa katika ua ule. Kama karatasi ingetoka sawa mwezi uliotangulia, je, tungemwahi? Sijui. Nimemuuliza Kadzo mara nyingi, naye hajui.

Tulipoaga, yule baba akatufuata. Nikadhani anataka kutulaumu, na nilikwisha jiandaa kupokea.

"Nilikuwa nikidhani huko kwenu hakuna anayejua kwamba alikuwepo," akasema. "Ahsanteni kwa kumuulizia."

Akatusindikiza mpaka garini, kadi ingali mkononi mwake.